Kikundi chetu kinataka kufungua meza ya msaada wa kisheria wa bure Arua, tuanzie wapi?

BintiOli
Salaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Sisi ni kikundi cha akiba cha akina mama 30 hapa Arua, Uganda, wengi wetu wa sokoni. Tumetenga shilingi milioni 3 kwa ajili ya jamii. Kila mara kuna kijana amekamatwa na nyumbani hawajui waanzie wapi, au mjane anasukumwa na mashemeji atoke kwenye shamba. Wazo letu ni kukodi chumba, kumlipa wakili mmoja na kutundika kibao cha msaada wa sheria bure. Inaruhusiwa? Pesa zitafika wapi? Na serikali tuibane vipi nayo itoe chake? Pongezi tumeshapewa za kutosha, naomba hatua.

MzeeKuluva
Dada, kibao kiache kwanza. Huduma ya sheria kwa wasiojiweza inasimamiwa na Law Council, baraza linalosimamia mawakili, kwa kanuni za mwaka 2007. Shirika linasajiliwa, ofisi inakaguliwa, na lazima awepo wakili mwenye cheti hai cha kufanya kazi. Mkianza kuandika nyaraka za mahakama bila hayo, yule atakayeshindwa kesi ndiye atakayewashtaki kwa kujifanya mawakili. Halafu piga hesabu: kodi ya chumba na mshahara wa wakili vitaimaliza milioni 3 kabla kesi ya kwanza haijasikilizwa.

Kazi iliyo wazi kwenu ni kumpokea mtu, kuandika kisa chake, kumweleza utaratibu, kumsindikiza na kumfikisha kwa wenye leseni. Wapo: FIDA-Uganda, chama cha mawakili wanawake cha tangu 1974, mradi wa msaada wa kisheria wa Uganda Law Society, yaani chama cha mawakili wote, na Justice Centres Uganda. Waulizeni LASPNET, mtandao wa mashirika haya, nani anafika kwenu na anachukua kesi za aina gani. Tena kuna kanuni za 2009 zinazomtaka kila wakili ajitolee saa 40 kwa mwaka kwa wasio na uwezo, au alipe badala yake. Saa hizo ziombeni kupitia Uganda Law Society.

Na shirika mtakalolipata wekeni maandishi, ukurasa mmoja unatosha: kesi gani wanapokea, wakili anakuja siku gani, nauli ni ya nani, na jibu litoke ndani ya siku ngapi. Hilo la mwisho msilisahau. Bila tarehe ya jibu, mtu anatumwa mjini, anaambiwa arudi, anakata tamaa, na kwenu anahesabika kuwa "alisaidiwa".

Usajili: kama kazi haivuki sabukaunti, kusajiliwa kama CBO, yaani kikundi cha kijamii, kunatosha. Pitieni kwa afisa maendeleo ya jamii na katiba yenu, orodha ya wanachama na kumbukumbu za kikao. Mkivuka hapo mnakuwa shirika lisilo la kiserikali (NGO) chini ya Sheria ya NGO ya 2016, lenye kibali na makubaliano na wilaya.

KaraniMstaafu
Naongeza upande wa makaratasi, maana meza nyingi za namna hii hufia hapo.

Daftari moja kubwa lenye jalada gumu, kila kisa na namba yake. Fomu ya ukurasa mmoja: jina, kijiji, simu ya mteja na simu ya jirani (simu za wateja huzimika au huuzwa), anayelalamikiwa ni nani, nini kilitokea na lini, ameshakwenda wapi, anataka nini hasa. Kipengele cha anayelalamikiwa kisomwe kabla ya kusikiliza kisa. Kama ni mwanachama wenu au tayari alishakuja kwenu kwa jambo lilelile, mpelekeni mteja kwingine siku hiyohiyo. Hamuwezi kushika siri za pande mbili.

Msibaki na karatasi halisi ya mtu. Hati ya shamba, risiti, mkataba, vyote vipigwe picha au fotokopi mbele yake na arudishiwe palepale. Hati ikipotea mikononi mwenu, ninyi ndio mtakaohitaji wakili. Fomu zikae kwenye sanduku lenye kufuli, funguo mbili, watu wawili. Wa zamu wawe watatu hivi, kikundi kizima kisishike zamu, maana habari za watu zitafika sokoni kabla ya nyanya.

Ediofe77
Mimi nitasema ya polisi tu.

Katiba, kifungu cha 23, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Kwa hiyo swali la kwanza kwa familia ni alikamatwa saa ngapi. Andikeni. Kituoni ombeni namba ya kumbukumbu ya tukio na jina la mpelelezi anayeshika faili. Bila namba hiyo mtazungushwa dirisha kwa dirisha.

Bondi ya polisi, yaani dhamana ya kutoka kituoni, ni bure. Hakuna "pesa ya karatasi" wala "mafuta ya gari". Kinachotakiwa ni wadhamini, na hapa ndipo watu hukwama bila sababu: mdhamini anafika bila kitambulisho cha taifa, au bila barua ya LC1, yaani baraza la kijiji, yenye picha yake na muhuri. Tayarisheni wadhamini wawili wenye karatasi kamili ndipo mwende. Mkinyimwa bondi, ulizeni sababu kwa upole na muiandike.

Saa 48 zikipita, Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019 inaruhusu kumwomba magistreti (hakimu) aamuru mtu aachiliwe, na ombi linaweza kuletwa na mwingine kwa niaba yake. Hapo muiteni wakili wenu mshirika. Tume ya Haki za Binadamu nayo ina ofisi Arua, malalamiko hupokewa bila malipo.

Beili, yaani dhamana ya mahakama, ni jambo jingine. Pesa hulipwa benki, si mkononi mwa karani, na hurudishwa kesi ikiisha. Lakini bila risiti halisi kuzirudisha ni mateso. Hii risiti msimwachie mshtakiwa peke yake, pigeni picha.

Na deni si jinai. Mkopo wa mtu na mtu ukigeuzwa kesi ya wizi kituoni, mwelekezeni mdai kwenye utaratibu wa madai madogo mahakamani: hadi milioni 10, bila mawakili, anaanza kwa barua ya kudai yenye muda wa siku 14.

BintiOli
Mmenifungua macho. Na mjane je? LC wanasema wao ndio mahakama.

VurraShambani
Wanasema kweli, ila nusu. Ardhi ya kimila huanzia mahakama ya LC2, yaani ya parishi (eneo la vijiji kadhaa), siyo LC1. Rufaa inakwenda LC3, yaani ya sabukaunti, halafu kwa Chief Magistrate, hakimu mkuu wa eneo. Madeni na uharibifu wa mali, kikomo chao ni milioni 2. Ubakaji au mtoto kunajisiwa hawana mamlaka kabisa, hata wazee wakubaliane mbuzi wangapi. Hayo ni ya polisi siku hiyohiyo.

Kwa mjane, kwanza zuieni saini. Kikao cha familia baada ya matanga huandikwa kumbukumbu, yeye anawekewa kidole gumba, miezi baadaye karatasi inasema "alikubali". Asisaini chochote asichosomewa kwa lugha yake mbele ya mtu wake. Marekebisho ya Sheria ya Urithi ya 2022, pale ambapo hakuna wosia, yanampa mwenzi asilimia 20, watoto na wajukuu 75, wategemezi wengine 4 na mrithi wa kimila 1. Nyumba waliyokuwa wakiishi ina ulinzi wake.

Pili, mipaka. Kabla ya kesi tembeeni shamba na wazee wa pande zote, mchoreni ramani ya mkono: mti gani, mto uko wapi, nani jirani kila upande. Mahakama ikija kuona shamba, shahidi aliyesema "mwembe" mahakamani akaonyesha mkuyu shambani ameivunja kesi nzima. Mkipatana nje ya mahakama, andikeni kwa nakala tatu, wote wasaini, na vipimo viwemo.

MlipaUshuru
Kwa maoni yangu, pokeeni ada ndogo, shilingi 2,000 hivi. Cha bure watu hawakithamini.

MzeeKuluva
Hapana, mzee. Ada ndogo huwa kubwa kwa yule wa zamu mwenye njaa, na ndiyo itakayowaondolea jina la msaada. Anayetaka kuchangia achangie kikundi, kwa risiti, baada ya kisa chake kufungwa.

Kwenye kuibana serikali, msianze na hotuba za haki. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na mkutano wa bajeti wa wilaya kwa kawaida hufanyika Oktoba au Novemba. Sabukaunti hupanga kabla yake. Pelekeni ombi moja la bei ndogo: madaftari ya kumbukumbu kwa mahakama za LC2. Hukumu nyingi ziko kwenye daftari la shule nyumbani kwa mwenyekiti, na akifa au akishindwa uchaguzi rufaa haina pa kushika. Diwani hawezi kulikataa hilo hadharani.

Halafu kuna kamati ya wilaya inayowakutanisha mahakama, polisi, magereza na waendesha mashtaka. Ombeni nafasi kupitia ofisi ya Chief Magistrate. Nendeni na takwimu za daftari lenu la miezi mitatu: wangapi walipita saa 48, kituo gani, makosa gani. Majina ya watu yaachwe nyumbani. Pelekeni pia suala la kesi za kifo na kifungo cha maisha. Katiba inaitaka serikali imlipie mshtakiwa wakili, lakini mara nyingi wakili hukutana na mteja wake asubuhi ya kesi. Ombeni orodha ya kesi za kikao cha mahakama itoke mapema ili familia ipeleke mashahidi.

Milioni 3 zenu: nauli za kusindikiza na za mashahidi zichukue sehemu kubwa, kisha simu moja ya meza, daftari, fotokopi na sanduku. Chumba ombeni msikitini, kanisani au sabukaunti, siku mbili kwa wiki, mojawapo isiwe ya soko.

BintiOli
Awa'difo, asanteni wazee wangu. Jumatatu naenda kwa afisa maendeleo. Barua ya LC1 kwa ajili ya usajili ni ya mwenyekiti wa kijiji chetu au cha pale meza itakapokaa?

KaraniMstaafu
Pale meza itakapokaa. Na viongozi wenu watatu kila mmoja aje na barua ya kijiji chake, usije ukarudishwa kwa hilo.