Mjadala: Mbwa mwitu abaki darasani au aondolewe?

Mleta mada
Habari zenu wadau. Nafundisha chekechea, watoto wa miaka minne hadi sita. Kikao cha wazazi cha juzi kiliisha kwa ombi moja: hadithi zenye mazimwi, wachawi na wanyama wanaomeza watu ziondolewe, tubaki na za upole tu. Mimi nasema zibaki, tena zisimuliwe nzima.

Mwaka jana nilikuwa nasimulia ile ya binti mwenye kofia nyekundu. Nilipofika pale mbwa mwitu anapommeza bibi, nikaingiwa na woga, nikasema bibi alijificha kabatini. Mtoto wa miaka mitano akasimama: "Mwalimu, umeruka. Anamezwa." Akaisimulia mwenyewe kwa sauti nzito, wenzake wameshikana mikono. Walipotoka kucheza, aliyeng'ang'ania kuigiza mbwa mwitu alikuwa mtoto mkimya kuliko wote, ambaye hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni huona haya. Alinguruma mpaka sauti ikamkauka. Hofu mtoto anayo kabla hajaingia darasani. Hadithi inampa jina la kuiita.

Mzazi wa wawili
Mwalimu, nakuheshimu, ila usiku wewe haupo. Mkubwa wangu alirudi na hadithi ya zimwi, wiki mbili hakuthubutu kwenda chooni peke yake. Mimi ndiye niliyekuwa nasimama mlangoni saa nane za usiku.

Na kuna jambo zito zaidi. Watoto hawa nawalea, sikuwazaa. Katika hadithi zenu mama wa kambo ni mwovu, kila mara. Siku moja namfunga mdogo kamba za viatu, akanitazama usoni akauliza, "Wewe utatupeleka msituni?" Nilishindwa kumjibu. Nieleze, hapo mtoto amejifunza nini?

Mwalimu wa darasa la pili
Wanaosema hadithi hizi ni uongo mtupu, mimi siwaelewi. Mtoto akisikia "hapo zamani za kale" anajua ameingia wapi.

Kinachoniudhi ni sisi walimu. Hadithi haijapoa, tunauliza, "Tunapata funzo gani?" Wanaitikia kwa pamoja, "Tuwatii wazazi," na hakuna aliyepata nafasi ya kusema kilichomtisha. Halafu tunaisimulia dakika kumi za mwisho, watoto wanaondoka na zimwi mkononi.

Mleta mada
Mzazi mwenzangu, swali la mwanao nimelisoma mara tatu. Pole sana. Hapo nakubali nilikosea kusema zisiguswe.

Nikirudi kwenye historia ya hadithi hizi, inakuunga mkono wewe. Ndugu wawili Wajerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walipotoa mkusanyo wao wa kwanza mwaka 1812, wale watoto wawili, Hansel na Gretel, walipelekwa msituni kwa shinikizo la mama yao mzazi. Aliyetaka binti mweupe kama theluji auawe naye alikuwa mama mzazi. Matoleo ya baadaye ndiyo yaliyowageuza kuwa mama wa kambo, wengi hudhani ni ili jina la mama lisichafuke. Hata binti mwenye kofia nyekundu, katika simulizi ya Mfaransa Charles Perrault ya mwaka 1697, analiwa na hadithi inaishia hapo, hakuna mwindaji wa kumwokoa. Kwa hiyo kila msimuliaji alibadilisha, na mimi naweza kubadilisha.

Kuanzia sasa atakuwa "mwanamke mmoja mwenye roho mbaya", basi. Lakini mbwa mwitu simtoi. Hakuna mtoto anayerudi nyumbani akamkuta mbwa mwitu jikoni, ila mama wa kambo ndiye anayesimama getini kuwachukua. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona.

La muda mwalimu mwenzangu amenigusa. Nitasimulia asubuhi, kwa mdomo, bila picha, ili kila mtoto alitengeneze zimwi la kadiri yake mwenyewe, tena tuwe na siku nzima ya kulicheza na kuliuliza. Wazazi nitawajulisha mapema ni hadithi gani, ili mtoto akiamka usiku mjue anaongelea nini.

Kinachonisumbua bado ni ule mwisho wa mbwa mwitu kupasuliwa tumbo na kujazwa mawe. Watoto hushangilia, na furaha ile hunitia wasiwasi kuliko hofu yao. Ninyi mkifika pale mnasimuliaje?