Mbwa Jojo na paka Mimi: niwabadilishe majina au niwaache nayo?

mlezi_mpya

Habari zenu wadau. Nimechukua wanyama wawili kutoka kituo cha kutunzia wanyama walioachwa: mbwa jike anayekadiriwa kuwa na miaka 4, na paka dume wa mwaka mmoja na nusu hivi. Kwenye kadi zao mbwa ameandikwa Jojo na paka ameandikwa Mimi.

Nyumbani kuna mbwa mwingine, Koko. Nikimwita mmoja wanageuka wote wawili. Nikimwambia Koko "njoo", Jojo naye anainuka. Paka ndiyo kabisa, jina lake linatajwa na kila mtu kutwa nzima bila yeye kukusudiwa, na sasa hashtuki hata ukiwa karibu naye.

Naomba kujua: mbwa mtu mzima anaweza kushika jina jipya bila kuchanganyikiwa? Nianze sasa au nisubiri azoee nyumba? Lazima jina jipya lifanane na la zamani? Na kadi za chanjo pamoja na chipu (kile kifaa kidogo chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi) zinashughulikiwaje?

Kamba_na_Kola

Badilisha, tena kwa wote wawili. Jojo linagongana na Koko na linagongana na "njoo", na hakuna mazoezi yatakayoondoa mgongano huo wakati sauti zenyewe zinabaki vilevile. Kwa mbwa, jina ni ishara inayosema "sasa ni zamu yako, nitazame". Halimwambii yeye ni nani. Ndiyo maana hapati hasara yoyote ishara ikibadilika, mradi ile mpya ifundishwe vizuri.

Kabla ya yote, pima kama Jojo analijua hilo jina. Wanyama wengi wa vituoni hupewa jina siku wanapopokelewa, na pengine wameishi nalo wiki chache tu. Subiri awe ametulia, hakutazami, yuko mita 2 au 3 kutoka kwako. Taja maneno manne ya kawaida yenye silabi mbili, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka, ukiacha kama sekunde 15 kati ya neno na neno: kiti, meza, mvua, ndizi. Neno la kwanza huenda likamtikisa sikio, la nne atakuwa amelipuuza. La tano litakuwa "Jojo", kwa sauti ileile. Akiinua masikio au akigeuza kichwa, analijua. Asipofanya lolote, anza upya moja kwa moja na usihangaike na la zamani. Koko asiwepo chumbani wakati wa jaribio hili.

Jina jipya liwe na silabi mbili, tatu kwa wingi, na lianze kwa sauti tofauti na Koko. Irabu zake pia zitofautiane, maana ukiwa mbali konsonanti hufifia na kinachomfikia mbwa ni irabu na mwendo wa sauti. Kisha lipitishe kwenye amri unazotumia: kaa, lala, njoo, acha, simama. Tacha ni jina zuri lakini linameza "acha". Subira halifai kwa anayetumia "subiri" kumzuia mbwa mlangoni. Tausi, Neli, Pili, yote yangekufaa. Kufanana na la zamani si lazima, na kwako wewe kufanana ndiko kunakoleta shida.

Kufundisha: tenga sehemu ya chakula chake cha siku, vipande 30 vya ukubwa wa punje ya njegere, laini, vya kumeza bila kutafuna sana. Kuku wa kuchemsha asiye na chumvi wala kitunguu anatosha. Sema "Tausi" mara moja, kwa sauti yako ya kila siku, kisha ndani ya sekunde moja mpe kipande. Mwanzoni usisubiri akutazame. Jina, chakula, bila sharti. Marudio 10, yaani dakika mbili tu, mara tatu kwa siku. Badilisha muda kati ya marudio, sekunde 5 hapa, 20 pale, la sivyo atajifunza mdundo wako badala ya neno.

Akianza kukugeukia kabla mkono haujasogea, ingia hatua ya pili: ngoja aangalie pengine, sema jina, na kichwa kikigeuka tu sema "vizuri" halafu mpe. Kisha ongeza umbali: mita 1, mita 3, mita 5, chumba cha pili, baadaye uani akiwa kwenye kamba ndefu ya mita 5 hadi 10. Ukiongeza umbali, punguza kelele za mahali. Ukihamia penye kelele, rudi karibu. Akishindwa mara mbili mfululizo umevuka kiwango chake, rudi hatua moja.

Kama analijua Jojo, siku za mwanzo unganisha: "Tausi, Jojo", kisha chakula. Jipya litangulie. Akishaanza kugeuka kwenye Tausi kabla hujafika kwenye Jojo, liache Jojo kabisa.

Masikio_Juu

Naongezea hapo kwenye mpangilio, maana ndipo wengi wanapokosea. Watu husema "Jojo-Tausi" wakidhani jina jipya litajishikiza kwenye la zamani. Halijishikizi. Mnyama akishapata ishara inayomwambia chakula kinakuja, ishara ya pili inayofuata haimpi habari yoyote mpya, kwa hiyo haijifunzi. Mwanasaikolojia Leon Kamin alilionyesha jambo hili maabara miaka ya 1960. Likitangulia Tausi, basi Tausi ndilo linalobashiri Jojo, na Jojo tayari lina maana kwake. Ukigeuza mpangilio unaweza kurudia wiki nzima ukabaki na mbwa anayeitikia nusu ya kwanza tu.

Kuhusu uwezo wake usiwe na wasiwasi. Kulikuwa na mbwa aina ya border collie aliyeitwa Chaser ambaye watafiti John Pilley na Alliston Reid waliripoti mwaka 2011 kuwa alijifunza majina ya vitu 1,022. Wa kawaida hawafiki huko, lakini neno moja jipya si mzigo kwa mbwa yeyote mwenye afya, awe na miaka 4 au 9.

Mahali ambapo sikubaliani na wanaosema "anza siku ya kwanza" ni pale mbwa anapokuwa na hofu. Kipimo ni chakula. Kama anapokea kipande mkononi mwako na kukila palepale, anza leo. Kama anakipokea akakiacha kidondoke, kama anakula usiku tu wakati hakuna mtu, kama amejificha chini ya meza mkia ukiwa tumboni, usimwite kwa jina lolote, la zamani wala jipya. Ukirudiarudia neno jipya juu ya mbwa mwenye hofu, hofu ndiyo itakayofungamana na neno hilo. Mwekee chakula, pita kando yake bila kumkodolea macho, ukae mbali. Akianza kulala ubavu mahali pa wazi na kukufuata kwa hiari yake, hapo ameiva kwa zoezi.

Vitu vinavyoharibu jina jipya ni vilevile vilivyoharibu la zamani. Kubwa kuliko vyote ni kuita mara tano mfululizo: "Tausi, Tausi, Tausi…" Kila mwito usiofuatwa na kitu unamfundisha kwamba neno hilo ni kelele za nyumba. Ita mara moja. Asipogeuka, piga mlio wa midomo au sogea umguse bega, kisha mrahisishie zoezi. La pili ni kugombeza kwa jina. Amechana mto? Sema "acha", jina liweke kando. Na usilitumie kumleta kwenye jambo asilolipenda: kukatwa kucha, kuogeshwa, kutiwa dawa masikioni. Kwa hayo mfuate alipo ukamchukue.

Jina na "njoo" pia vitenganishwe. Jina maana yake nitazame. "Njoo" maana yake fika hapa. Ukitumia jina kwa kazi zote mbili, siku utakapotaka atulie mlangoni akutazame, atakurukia.

Sharubu

Mmemsahau paka, na paka ndiye mwenye hoja nzito zaidi hapa.

Kwamba paka hulijua jina lake si jambo la kubahatisha. Atsuko Saito na wenzake Japani walichapisha utafiti mwaka 2019 uliotumia njia ileile aliyoieleza Kamba_na_Kola: maneno manne ya urefu mmoja, halafu jina. Paka wengi walitikisa masikio au kugeuza kichwa jina lilipofika, hata likisemwa na mtu mgeni. Isipokuwa, na hili ndilo la kuzingatia wewe mwenye wanyama watatu, paka waliokuwa wakiishi pamoja kwenye mgahawa wa paka, yaani mgahawa ambao wateja huja kukaa na paka, walitofautisha jina lao na maneno mengine, lakini hawakulitofautisha na majina ya wenzao wa palepale. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba pale mgeni huita jina moja na paka yeyote anayefika anapewa chakula au anapapaswa. Basi jina lolote ni habari njema kwa wote.

Kwa Mimi hali ni ya upande wa pili: neno linasikika kutwa, na baada yake hakuna kinachotokea. Paka ameshajifunza kulipuuza, na kujifunza kupuuza ni kugumu kukufuta. Usilifufue. Chagua neno ambalo halimo katika mazungumzo ya nyumbani. Kwa sababu hiyohiyo epuka Sasa, Kaka na Pole, hata kama yanapendeza masikioni.

Zoezi la paka ni fupi kuliko la mbwa. Marudio matano, dakika chache kabla ya mlo, wakati ana njaa ya kawaida. Sema jina, mpe alambe chakula cha majimaji kwenye ncha ya kijiko, basi. Akianza kujilamba au kuangalia pembeni, umemaliza kwa siku hiyo. Usimfanyishe akiwa amelala. Na usitarajie aje mbio: sikio moja kuzunguka kuelekea kwako, kichwa kugeuka, ncha ya mkia kutikisika, hayo ni majibu kamili. Kuja unakufundisha baadaye, hatua mbili kwa wakati mmoja, na unalipa kila mara.

Kama ni mweupe wote na macho ya bluu, pima usikivu wake kabla ya kulaumu jina, maana uziwi wa kuzaliwa ni wa kawaida katika paka wa namna hiyo. Simama nyuma yake asipokuona, finyanga karatasi ngumu ili itoe mlio. Usipige sakafu wala makofi karibu naye, maana atahisi mtikisiko au upepo ukadhani amesikia. Paka kiziwi hupewa "jina" la mwanga: kuwasha na kuzima taa mara moja, kisha chakula, kwa utaratibu uleule.

mlezi_mpya

Asanteni sana. Jojo anageuka kwenye jaribio, kwa hiyo nitaunganisha. Paka ni wa kijivu na karatasi anaisikia. Limebaki moja: Koko anafika mbio kila Jojo anapoitwa, na huwa namtupia kipande asione vibaya. Niendelee?

Kamba_na_Kola

Acha hilo leo, maana ndilo linaloendeleza mkanganyiko. Siku za mwanzo fundisha kila mmoja chumba chake, mlango umefungwa. Koko naye aanze upya na jina lake kwa vipande vilevile, kwa sababu lake pia limechafuka. Kila mmoja akishageuka mara 8 kati ya 10 akiwa peke yake, walete pamoja, mkae umbali wa mita 2, kila mbwa kwenye kamba, na kama yupo mtu wa kukusaidia ni bora zaidi.

Ita Tausi, lipa Tausi. Ita Koko, lipa Koko. Asiyeitwa akikurupuka, hapati kipande na hagombezwi. Geuza mwili wako kidogo kumwelekea aliyeitwa. Ila asiachwe muda mrefu bila zamu: changanya majina kiasi kwamba hakuna anayepitwa zaidi ya mara mbili mfululizo. Kutulia wakati mwenzake anaitwa ni kazi ngumu, kwa hiyo Koko akibaki ametulia, sema "Koko" umlipe. Ndivyo anavyojua zamu yake ipo. Ukiona mmoja anamkazia macho mwenzake, mdomo umefunga na mwili umekakamaa karibu na chakula, watenganishe na uendelee na vyumba viwili.

Na watu wote wa nyumbani wakubaliane neno moja. Majina ya utani kama Tau na Tausita yangoje hadi jina limeshika.

TausiSiKasuku

Kwa faida ya wengine watakaosoma: kuna wanyama ambao ningewaachia jina lao. Mbwa mzee ambaye usikivu umepungua tayari anategemea mwendo wa sauti alioujua miaka mingi, na ishara ya mkono itamsaidia kuliko neno jipya. Kasuku anayelitamka jina lake mwenyewe ataendelea kulitamka hata ukimpa lingine, na mara nyingi analitumia kukuita wewe. Sungura hubadilishwa kwa njia ya paka, kipande kidogo cha jani badala ya nyama.

Kadi_na_Chipu

Upande wa makaratasi. Chipu ya kawaida ya kiwango cha kimataifa (ISO) ina namba ya tarakimu 15 tu. Haina jina, haina simu yako, na haionyeshi mnyama yuko wapi. Jina na mawasiliano vimo kwenye kanzidata ilikosajiliwa, kwa hiyo kinachobadilishwa ni rekodi, na muhimu kuliko jina ni mwenye mnyama na namba ya simu. Mnyama akipatikana bado anasomeka kwa jina la kituo, simu itapigwa kituoni.

Anza kwa daktari wa mifugo: aisome chipu kwa mashine, mlinganishe tarakimu moja moja na zilizo kwenye kadi. Tarakimu mbili kugeuzana nafasi ni kosa la kawaida la kunakili. Chipu huwekwa chini ya ngozi kati ya mabega lakini inaweza kuhama, kwa hiyo isiposomeka hapo aipitishe mashine polepole hadi kifuani na miguu ya mbele.

Kadi ya chanjo usifute wala kubandika karatasi juu ya jina la zamani, kadi iliyofutwa inatiliwa shaka. Daktari aandike "Tausi (awali Jojo)", aweke tarehe, sahihi na mhuri. Cheti cha kichaa cha mbwa vivyo hivyo, hasa kama utasafiri naye, na namba ya chipu iwe imeandikwa kwenye kila ukurasa wa chanjo.

Kibati cha kola kitengeneze leo bila kusubiri ashike jina: simu mbili zinazopatikana, na neno "nina chipu". Akipotea kabla Tausi halijakolea, mwiteni kwa majina yote mawili, na tangazo liandikwe yote mawili pia.