Tupeane uzoefu: mgonjwa wenu wa akili alianza na dalili gani, na ninyi mlidhani ni nini?

Mdogomtu (mleta mada)

Wakuu, leo mchana nilikuwa stendi ya Msamvu nasubiri basi. Kuna kijana amevaa makoti matatu na jua linawaka, anabishana na mtu ambaye sisi wengine hatumwoni. Watu wamemzunguka, simu juu, wanamrekodi. Nilishindwa kupanda basi. Nikakaa kwenye benchi mpaka moyo ukatulia, maana kaka yangu alianza hivyo hivyo.

Mwaka 2014 alikuwa chuo mwaka wa pili. Aliporudi likizo akawa anaifunika televisheni kwa kanga ya mama kila taarifa ya habari inapoanza. Ukimuuliza anasema yule mtangazaji anamsema yeye. Tulicheka. Baadaye akakataa chakula cha mama, akawa anachemsha mayai mwenyewe, kwa sababu yai huwezi kulitia sumu bila kulipasua. Hapo hatukucheka tena, lakini hospitali haikumjia mtu yeyote kichwani. Miaka mitatu tumezunguka kwa waganga, Handeni tumekwenda mara mbili, ng'ombe wa baba wakaisha zizini. Siku tulipofika kwa daktari wa akili aliuliza ilianza lini. Mama akajibu wiki iliyopita, kwa kuwa wiki iliyopita ndiyo kaka alitoka nje uchi. Ile kanga juu ya televisheni kwake haikuwa ugonjwa. Kumbe ni skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie na kuamini yasiyokuwepo, na ilikuwa imekaa miaka mitatu.

Naomba tupeane uzoefu. Aliyeuguza au aliyeugua mwenyewe aseme kitu cha kwanza kabisa kilichoonekana. Huenda kuna mtu anasoma hapa na kanga iko juu ya televisheni yake sasa hivi.

Kibobori

Nimesoma mara mbili mkuu. Tupo pamoja.

Chalii wa Sanawari

Semeni ukweli, chuo mwaka wa pili hiyo ni bangi. Hakuna cha mtangazaji.

Mdogomtu

Hajawahi kuvuta hata sigara. Na maneno kama haya ndiyo yalimfanya baba amchape mtoto wa miaka 22 kwa mkanda ili ataje anakonunua. Tafadhali sana.

Fundi Kapinga

Chalii punguza. Mdogo wangu mimi alivuta kweli, na ni kweli ilimwasha. Daktari alituambia bangi inaweza kukifumua kitu ambacho mtu anacho tayari ndani. Lakini pale wodini kulikuwa na vijana ishirini na zaidi, na wengi hawakuijua kabisa. Ukishamwita mtu mvuta bangi hakuna tena anayemhurumia.

Mswahili wa Likoni

Mimi yangu ilikuwa udhu. Natawadha, namaliza, nahisi sikio la kushoto halikupata maji, narudia. Mwanzo mara tatu, ikafika mara kumi na tano. Alfajiri yote niko bombani, jua linachomoza sijasali, mikono imepasuka ngozi mpaka inatoa damu. Mamangu akijisifu kwa majirani kwamba bintiye ana dini. Nami nalia bombani, maana najua sikio lilirowa, naliona limerowa, na siwezi kuondoka!

Aliyenisaidia mwanzo ni ustadhi wetu. Alinambia, mwanangu, wasiwasi hautibiwi kwa maji, ukiufuata unazidi, nenda hospitali nami nitakuombea. Kule nikaambiwa ni maradhi yanayojulikana, yana dawa, na yana mazoezi ya kuuzuia mkono usirudie hata roho ikikupaa. Mazoezi ndiyo magumu kuliko dawa. Leo natawadha mara moja naondoka.

Mtumishi wa Bwana

Nawaheshimu wote, ila mambo haya ni ya kiroho. Anayesikia sauti amefungwa na roho. Nimeona watu wakifunguliwa kwa maombi wakaacha dawa zote.

Nesi wa Zamani

Mtumishi, shikamoo kama umenizidi. Nimefanya kazi wodi ya akili zaidi ya miaka ishirini. Waliokuja na Biblia na waliokuja na hirizi nimewapokea wote, sijamkataza mtu kuomba. Ila hilo neno "wakaacha dawa zote" nakuomba ulifute. Mgonjwa wa skizofrenia akiacha dawa hupata mwezi mmoja au miwili mizuri, kanisa zima linashangilia, halafu anarudi kwetu amefungwa kamba, na safari hii hali ni mbaya kuliko ya kwanza.

Mtumishi wa Bwana

Wewe unatetea mshahara wako.

Nesi wa Zamani

Nimestaafu mwanangu.

Mdogomtu

Naomba tusigombane. Mama bado anamwombea kaka kila usiku, na kila mwezi anamsindikiza kuchoma sindano. Hajawahi kuona ugomvi hapo.

Ila nesi, tulimpeleka hospitali ya kwanza akapewa vidonge vya haloperidoli. Siku ya pili shingo ikapinda upande, macho yakaangalia dari, ulimi umetoka nje haurudi, mate yanachuruzika. Baba akasema mmeona, jini limegombana na dawa. Tukazitupa chooni, ikawa mwaka mwingine umepotea. Ile ilikuwa nini?

Nesi wa Zamani

Ni dawa yenyewe hiyo, inakaza misuli. Huwapata zaidi vijana wa kiume, siku za mwanzo. Mngerudi siku ile ile angechomwa sindano ya kulegeza misuli au kupewa vidonge vya atani vya kazi hiyo hiyo, na ndani ya saa moja hivi shingo ingenyooka. Kosa ni la aliyewapa dawa bila kuwaambia. Familia nyingi tumezipoteza mlangoni kwa shingo hiyo, ndugu zangu, inaniuma mpaka leo.

Mama Nasra

Sijawahi kuandika hili popote. Mume wangu amelala.

Nilijifungua salama, mtoto wa kike, kilo 3.2. Siku ya tatu nalia bila sababu. Mama mkwe akasema hiyo ni maziwa yanaingia, itapita. Siku ya sita nikawa silali kabisa na sichoki. Nafua usiku, napanga vyombo, naongea haraka mpaka mdomo unakauka. Watu wakafurahi, mzazi ana nguvu. Siku ya nane nikamwangalia mtoto sikio, nikajua siye. Sikudhani, nilijua, kama unavyolijua jina lako. Wamembadilisha, wangu yuko wodini na namsikia analia.

Saa nane usiku nikamlaza yule mtoto kwenye beseni lake la kuogea, nikamfunika taulo la njano, nikajitwika kichwani, nikatoka miguu peku kumrudisha hospitali. Njiani kuna daraja. Nilipofika katikati nikasikia sauti ya bibi yangu, marehemu, kwa lafudhi yake ile ile: mwache hapo, wenyewe watakuja kumchukua. Nikashusha beseni, nikaliweka kwenye ukingo.

Dereva wa bodaboda alikuwa anarudi kwao. Akasimama, akazima taa. Hakupiga kelele. "Dada, habari za usiku. Umebeba nini?" Nikamwambia narudisha mtoto wa watu. Angenibishia sijui ningefanya nini. Akasema, "Sawa, hospitali naijua, twende wote, beseni nipe mimi maana umechoka." Akalichukua kwa mikono miwili. Pikipiki akaiacha pale pale darajani. Tulitembea karibu nusu saa, yeye mbele na beseni, mimi nyuma, ananiuliza habari za kwetu ili nisinyamaze.

Nililazwa wiki tatu. Siku ya kumi na kitu nikaamka, nikaomba kumwona mtoto, wakamleta, nikamwona ni yeye. Sikio ni lake.

Kibobori

Mungu wangu.

Fundi Kapinga

Nimeweka simu chini kwanza. Dada pole. Pole sana.

Chalii wa Sanawari

Mimi ni bodaboda. Hiyo pikipiki aliikuta?

Tegeta Kwa Ndevu

Hata mimi nataka kujua. Na mtoto ana miaka mingapi sasa? Na mume alikuwa wapi mke anatoka saa nane usiku?

Mama Nasra

Aliikuta. Kuna mlinzi wa godauni aliiona, akaisukuma akaiingiza ndani. Mtoto yuko darasa la tatu. Mume alikuwa amelala, alikuwa hajalala siku sita kwa ajili yangu, msimseme. Yule kijana tunamwita mjomba wa Nasra, kila sikukuu anakuja kwetu.

Chalii wa Sanawari

Dada, naomba radhi kwa maneno yangu ya juu. Na kwako pia mleta mada.

Nesi wa Zamani

Mama Nasra, asante kwa kuandika. Kwa wengine: kulia siku ya tatu hupata akina mama wengi na hupita ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, mama hana raha, hataki hata kumshika mtoto, hiyo ni sonona ya uzazi, atibiwe. Hii ya Mama Nasra ni ya tatu na ni nyingine kabisa, humpata mmoja au wawili katika akina mama 1,000. Halali na hachoki, anaongea mbio, anamwona mtoto siye. Huyo anapelekwa usiku huo huo, wala haachwi peke yake na mtoto hata kidogo. Na ukipata mimba nyingine, waambie kliniki mapema, kwa sababu inaweza kurudi.

Mama Nasra

Nina miezi mitano sasa. Ndiyo maana sikulala.

Nesi wa Zamani

Basi kesho kliniki waambie, na wakuandikie daktari wa akili kabla ya siku zako. Ukishindwa kusema, waonyeshe maandishi yako haya haya. Mume naye aende.

Dereva wa Usiku

Naona uzi umehamia kwa Mama Nasra na anastahili, ila nami nichangie. Niligongana na lori, waliokuwa nyuma yangu walikufa wawili. Mwezi wa tano sasa. Nikisikia breki za gari lolote naruka, usiku naota lile lori, njia ile siipiti tena. Wenzangu wanasema ni uoga, nirudi barabarani utaisha.

Fundi Kapinga

Rudi barabarani mkuu, dawa ya moto ni moto.

Tegeta Kwa Ndevu

Usirudi! Utaua wengine. Kaa upumzike mwaka.

Nesi wa Zamani

Wote wawili mmemjibu haraka. Mwezi mmoja watu wengi huota hivyo. Miezi mitano ni jeraha, tafuta mtaalamu wa saikolojia hospitali ya mkoa akutembeze kwenye hilo tukio taratibu. Na pombe usiifanye dawa ya usingizi.

Dereva wa Usiku

Umejuaje kuhusu pombe?

Mjukuu wa Bibi Kabula

Sisi kwetu Shinyanga. Bibi alianza kutia chumvi kwenye chai. Halafu akawa ananiita jina la marehemu baba. Usiku anatoka, anakutwa uwanjani kwa jirani hajui alivyofika, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini. Mnajua Usukumani kikongwe mwenye macho mekundu akikutwa uwanjani kwako usiku anaitwa nani. Kikao kiliitishwa. Tulimhamishia mjini usiku huo kwa baiskeli. Ulikuwa ugonjwa wa usahaulifu wa uzee tu, na angeweza kuuawa kwa sababu hiyo.

Kibobori

Na baipola mbona hamjaitaja? Shemeji yangu siku nne hajalala, ameuza kiwanja kwa bei ya kutupa, saa tisa usiku anawapigia watu anataka kuwapa mitaji. Tukadhani ni freemason. Wiki tatu baadaye kajifunika blanketi, haogi, anasema ni heri angekufa. Mtu yule yule!

Tegeta Kwa Ndevu

Huyo ni wa hospitali ya akili Mirembe tu.

Binti Korogwe

Tegeta, kwetu tumekua na Lutindi juu ya mlima, hospitali ya akili tangu 1904. Wagonjwa wanafanya kazi za mikono, unawasalimia njiani kama mtu mwingine yeyote. Hilo neno "tu" sijui umelitoa wapi.

Kibobori, shemeji yako akisema heri angekufa, muulizeni wazi kama amepanga kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani. Asikae peke yake, na mpelekeni.

Asiyelala

Samahani, nimejiunga leo. Mleta mada, kwetu haijafunikwa televisheni. Mdogo wangu ana miaka 19, ametoa betri kwenye simu za nyumba nzima ameziweka kwenye ndoo ya mchele. Anasema wanasikiliza. Mchana anakataa kula na sisi. Mama amepanga safari ya kwa mganga Jumamosi. Nianzie wapi?

Mdogomtu

Jumamosi isifike.

Nesi wa Zamani

Usibishane naye kuhusu simu, na pia usimwambie ni kweli wanasikiliza. Muulize kinachomtesa yeye. Wengi watakwambia usingizi. Sasa mwambie ukweli huo: twende hospitali upate kulala. Wapimwe pia malaria na damu, kuna magonjwa ya mwili yanavuruga akili vile vile. Mama usimvunjie heshima, mwombe aje naye. Wakikupa dawa uliza kuhusu shingo.

Asiyelala

Amesema hajalala tangu Jumapili. Amekubali. Betri nimemwachia azibebe mwenyewe mfukoni. Tupo kwenye foleni, mama yupo, tuna namba 14.