Nataka kuanza kushika Shabati ku nyumba, lakini jikoni ni moja na mama ni Mukatoliki

mjukuu_wa_rodos (Lubumbashi)
Jambo bayaya na bakaka. Niko Katuba. Kambo yangu wa upande wa papa alikuwa Muyahudi wa Rhodes, bale bafanya biashara benye balikuja Katanga wakati ya Babeleji, mi sikumuona, alikufa mbele nizaliwe. Kambo mwanamuke njo alikuwa anatuhadisia vile muzee vandredi mangaribi alikuwa anafunga duka mapema na hagusi tena feza mpaka samdi usiku, na mayai yenye alikuwa anataka bamupikie usiku muzima na maganda ya kitunguu mpaka inakuwa rangi ya kahawa. Basi, ni ile tu njo ilibakia.

Sasa nimeanza kusoma Tora, moyo unanivuta, nataka nianze pole pole. Lakini nyumba ni ya mama, na mama ni Mukatoliki wa kweli kweli. Mbabula ni moja, masufuria ni ile ile inapika nguruwe ku noeli, feza ya kununua vyombo vipya sina. Na vinkubala je?? Na umeme vile unakatika saa yenye inapenda, Shabati utaishika namna gani? Nianzie wapi?

mama_kampemba
Leki, anzia ku sahani, usianzie ku sufuria. Kwanza acha tu vile haviliwi: nguruwe, kambale (hana magamba), kamba wa baharini, na ndiyo, vinkubala na inswa navyo vinaenda. Najua inauma, mvua ikinyesha soko lote linajaa, lakini Walawi 11 imekataza wadudu, imebakisha namna fulani za nzige peke yake.

Nyama ya soko nayo iache, si kwamba ng'ombe ni mbaya, ni kwamba hakuchinjwa na shoheti (mchinjaji wa Kiyahudi mwenye kufundishwa sheria) wala damu haikutolewa kwa chumvi vile inatakiwa. Usijihurumie, bukari iko, madesu iko, lengalenga, sombe ya mawese na karanga, samaki. Samaki nunua nzima na magamba yake uyaone kwa macho yako, thomson sawa, tilapia sawa, ila kipande cha makayabu kisicho na ngozi huwezi kujua ni samaki gani, acha. Na sombe, hapa watu wengi wanapita haraka: majani unaangalia MBELE ya kutwanga, moja moja ku mwangaza, unaloweka mu maji ya chumvi, juu ukishatwanga mdudu utamuona wapi tena?

Kwa vyombo, omba mama akuachie sufuria moja ya aluminiyumu na mwiko mmoja. Sugua mpaka ing'ae, iache siku nzima bila kupikia kitu, kisha chemsha maji yajae mpaka yamwagike ku midomo. Chungu cha udongo hapana, hicho hakirudi. Mu ile sufuria pika mboga na samaki tu. Na kwa sababu nyama huli, ile kazi yote ya kutenga nyama na maziwa, sahani mbili mbili, kungoja masaa sita, haikuhusu kwa sasa. Umepumzika.

apotre_shofar
Dada karibu ku kanisa yetu, sisi tunashika Sabato, tunapiga shofari (pembe) na Yesu ndiye Masiya wa Israeli. Talit (shali ya kuomba) na menora (kinara cha taa) niko nazo, bei tutasikilizana 🙏

mtu_wa_Goma
@apotre_shofar kaka bila matusi, hiyo ni imani yako na ni haki yako, lakini si Uyahudi. Aliuliza kuhusu dini ya babu yake. Dada weka pesa yako, talit haikusaidii kitu leo.

Mimi naongeza jambo moja ambalo halifurahishi. Kwa sheria ya Kiyahudi ya Waorthodoksi mtu anahesabika kwa mama, kwa hiyo damu ya babu mzaa baba ni heshima kubwa ila haikufanyi Myahudi. Njia ipo, ni kuongoka: unasoma muda mrefu, unakaa mbele ya baraza la watu watatu, unazama kwenye mikve, lile bwawa la kujitakasa. Mpaka hapo marabi wengi wanasema usiishike Shabati kamili, makusudi unafanya kazi ndogo moja, hata kuwasha taa mara moja. Usione kama wanakufukuza, ni utaratibu.

Kwenu Lubumbashi sinagogi iko, na rabi Moïse Levy aliyefika 1937 wazee bado wanamtaja. Leo Kinshasa yuko rabi Shlomo Bentolila wa Chabad (jumuiya ya Wayahudi Waorthodoksi), tangu 1991. Waandikie. Na wakikuambia Mwafrika hawezi, waambie kuhusu Abayudaya, Wayahudi Waafrika wa Mbale, Uganda, walianza 1919 na Semei Kakungulu mpaka leo wanaomba.

mjukuu_wa_rodos
Aksanti sana. Ile ya baba imeniuma kidogo lakini bora kujua. Sasa samdi nitakula nini ya moto kama moto hauwashwi?

mama_kampemba
Unawasha vandredi. Hiyo Mishna (kitabu cha zamani cha sheria za Wayahudi) yenyewe inazungumza makala, utafikiri iliandikwa Katuba: makala unayaondoa ao unayafunika na majivu, ndiyo chungu kinabakia juu. Kwa hiyo madesu yawe yameiva mbele jua lizame, unamwaga majivu juu ya makala, unaweka sufuria, huigusi tena. LAKINI mbabula ikae inje, ku baraza, mbali na watoto. Usiilaze ndani ya nyumba hata kama ni baridi ya mwezi wa sita, ule moshi usioonekana unaua watu usingizini, na uhai unapita Shabati.

Mishumaa washa dakika 18 mbele ya jua kuzama. Kwetu mwezi wa sita linazama kasoro kidogo saa kumi na mbili, mwezi wa kwanza linasukuma mpaka saa kumi na mbili na nusu na zaidi. Usiizime, ijimalize. Umeme ukienda ukirudi, swichi huigusi, basi, tena mishumaa ile kazi yake tangu zamani ni watu wasijikwae mu giza ya nyumba. Divai kosher (yenye kukubaliwa na sheria ya Kiyahudi) huna? Kidushi ya usiku, ile baraka ya kupokea Shabati, inafanyika juu ya mikate miwili, uoke mwenyewe. Shabati inatoka nyota tatu zikionekana.

mjukuu_wa_rodos
Mama amekubali sufuria 😂 amesema bora mwiko wangu nisiusahau ku meza yake. Kitu kingine: hii samdi kuko matanga ya jirani, kila nyumba inatoa mchango palepale. Nisiende?

mama_kampemba
Uende! Mchango mupe mama vandredi mchana aupeleke. Samdi unaenda kwa miguu, unakaa na wafiwa, na chakula chao sema tu unashukuru, unakunywa maji.

mtu_wa_Goma
Simu iache nyumbani pia. Ao kama bado inakuvuta, anza kuizima masaa mawili.