Nilimdhamini msharika mwenzangu kwenye kikoba, hakulipa, sasa ametoa ushuhuda kwamba Bwana kamfutia madeni. Nasameheje hapo?

sauti_ya_pili:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na salamu kwa wote humu hata wa imani nyingine. Naomba ushauri wa kiroho, wa kunitukana mkaweke uzi mwingine.

Niko usharika mmoja hapa Dar sitautaja. Tuna kikoba cha akina mama, tunakutana jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, tunanunua hisa, tunachangia mfuko wa jamii, sanduku lina kufuli tatu kama kawaida. Mwaka jana mama mmoja tunayeimba naye aliomba mkopo mara tatu ya hisa zake anasema anaongeza mtaji wa mitumba, akakosa mdhamini wa pili akanifuata nyumbani, nikasaini. Biashara sijui ilikufa sijui haikuanza, mimi nilichoona ni vikao anakwepa na simu hapokei, kufika siku ya kuvunja kikoba deni limebaki laki nane na themanini na katiba yetu inasema asipolipa mkopaji analipa mdhamini, wakakata hisa zangu na iliyopungua nikatoa mfukoni, hela ya ada ya mtoto hiyo. Mume wangu anajua nusu ya habari.

Hayo yote nilishayameza. Sasa jumapili iliyopita kasimama wakati wa shukrani, katoa sadaka kwenye bahasha, na ushuhuda juu, kwamba mwaka huu Bwana ni mwema amemfutia madeni yake yote. Kanisa zima haleluyaaa. Na mimi niko nyuma yake palepale nimevaa joho najiuliza ivi huyo Bwana anayeshukuriwa si ni mimi??

Alafu mahubiri ya siku hiyo yakawa Mathayo 18, yule mtumwa aliyesamehewa deni kubwa akaenda kumkaba mwenzake kwa deni dogo. Nilihisi madhabahu yote inaniangalia. Swali langu, kama Mungu kanisamehe bure nikimdai huyu mama ndo nimeshakuwa yule mtumwa mwovu? Na nikisema nimesamehe ndo hela imekwenda hivyo? Na kama moyo umegoma kabisa kusamehe wokovu wangu unakuwa wapi, mana sa hivi usiku nikisali Baba Yetu nikifika kwenye "kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu" naupita huo mstari haraka kama naruka dimbwi.

Mbishi wa Tandika:

pole dada. ndo mana vikoba vya kanisani mi sijiungi, mtu anakukopa kwa jina la Yesu ukimdai anakwambia huna upendo. Kikundi chenu kimesajiliwa? mana sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inataka vikundi visajiliwe, na kama katiba mlisaini karatasi zipo, nenda serikali ya mtaa kaanzie hapo akaitwe. Kusamehe utasamehe ukishapewa hela yako, na utashangaa moyo utakavyolainika

MtumishiGrace:

Mpendwa achiliaaa. Usimsikilize huyo hapo juu. 1 Wakorintho 6 Paulo anawakemea waamini wanaopelekana mbele ya mahakimu wa dunia, anawauliza si afadhali mdhulumiwe? Msamaha ukiushikilia unaziba baraka zako mwenyewe. Futa hilo deni leo, mfungulie huyo dada moyo, na Bwana atakurudishia kwa njia usiyoitegemea. Hiyo laki nane ni kitu gani mbele ya msalaba?

Mbishi wa Tandika:

laki nane ni ada ya mtoto, kasema pale juu. umesoma?

mwinjilisti_mstaafu:

Mwanangu pole sana. Nimefanya uinjilisti vijijini mpaka nimestaafu, naandika polepole simu yenyewe ndogo, mnivumilie.

Hiyo Mathayo 18 inahubiriwa sana kana kwamba deni la pili lilikuwa vijisenti, na dada yetu Grace naye karudia hapo juu. Someni vizuri. Yule mjoli, yani mtumwa mwenzake, alidaiwa dinari mia. Dinari moja ulikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima, utaukuta Mathayo 20 kwa wale wa shamba la mizabibu. Kwahiyo dinari mia ni siku mia za jua kali, ukitoa sabato unakaribia miezi minne. Tuseme saidia fundi wa leo analipwa elfu kumi na tano kwa siku, hapo ni milioni moja na nusu, umeona? Imezidi hata hiyo ya kwako. Yesu hajasema popote kwamba ulichodhulumiwa ni kidogo. Alikuwa anaongea na watu wa vibarua, walijua dinari mia inavyouma.

Ila ameiweka mbele ya talanta elfu kumi. Talanta moja ilikuwa kama dinari elfu sita, piga hesabu utapata dinari milioni sitini. Mtu afanye kibarua siku mia tatu kwa mwaka bila kula wala kuugua atamaliza kulipa baada ya miaka laki mbili. Na bado yule mtumwa yuko magotini anamwambia mfalme "nivumilie, nami nitakulipa yote pia"! Mimi hapo huwa nacheka peke yangu, mana ndo sala zetu zilivyo, Bwana nivushe hili tu nitakutumikia maisha yangu yote.

Sasa hilo neno la neema ni bure. Ni bure kwako wewe unayepokea. Zile talanta hazikuyeyuka hewani, zilitoka kwenye hazina ya mfalme, yeye ndiye aliyelala na pengo. Na hili mwanangu unalielewa kuliko sisi tunaohubiri, kwa sababu ulisaini. Waebrania 7:22 inamwita Yesu mdhamini, mdhamini wa agano lililo bora zaidi. Nimeusoma mstari huo mara nyingi naupita tu, leo kwa habari yako nimerudi kuusoma tena. Mdhamini ni mtu anayekatwa kwa deni ambalo hakula hata shilingi yake, na aliyekula anasimama anaimba haleluya bila kumtaja jina. Uchungu uliokupata pale na joho lako, fikiria ni wangapi tunamfanyia Mungu hivyo kila jumapili, tena hatujui hata kwamba kuna mtu alikatwa. Wakolosai 2:14 inasema ile hati ya kutushitaki ameigongomea msalabani. Hati yenyewe ilikuwepo kabla haijafutwa, na ilikuwa na majina yetu.

Lakini usivuke hapo. Kristo alisaini akijua fika hatutalipa, Warumi 5:8, alikufa tulipokuwa tungali wenye dhambi. Wewe ulisaini ukiamini atalipa. Usijilazimishe kuwa Kristo wa huyo mama, anaye tayari.

Kuhusu hela. Paulo anamwandikia Filemoni habari za Onesimo mtumwa wake aliyetoroka, anasema kama amekudhulumu au unamdai kitu, "ukiandike hicho juu yangu", na anaongeza kwa mkono wake mwenyewe "mimi nitalipa". Hakumwambia Filemoni wewe ni mtu wa Mungu achana na mambo ya hela. Kiandikwe, na kilipwe. Upendo wa Paulo una daftari.

Na hiyo sura ya 18 usianzie mstari wa 21, anzia wa 15. Ndugu yako akikukosa enenda ukamwonye, wewe naye mkiwa peke yenu. Asiposikia chukua mmoja au wawili, na asiposikia tena ndipo liambie kanisa. Petro na saba mara sabini wanakuja baada ya hapo. Wewe umeshaongea naye? Kwenye maelezo yako sijaona.

MtumishiGrace:

Mtumishi naheshimu mvi zako ila mbona kama unamfundisha ashike na msamaha na risiti

mwinjilisti_mstaafu:

Ndiyo binti yangu. Msamaha ni yeye kuacha kumkaba koo. Risiti ni kwa faida ya yule mwingine.

nshomile_wa_Kamachumu:

Kwa faida ya yule mwingine, naomba nidakie hapohapo. Sisi watu wa Kagera tuna wazee wa uamsho, wale waliokuwa wanaitwa balokole. Ulianzia Gahini huko Rwanda kwenye hospitali ya wamisionari wa Kianglikana, daktari mmoja Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi walikuwa wamekutana Kampala 1929 wakaomba pamoja, miaka ya 1930 ndo moto ukawaka kwelikweli ukavuka Uganda ukaingia kwetu Bukoba mpaka Kenya. Na alama yao ilikuwa hii, mtu akiokoka anatubu mbele za watu kwa kutaja dhambi yenyewe kwa jina, alafu anarudisha. Bibi yangu mzaa baba alipookoka alibeba debe la kahawa kichwani kupeleka kwa jirani, kahawa aliyokuwa ameichuma kwenye mpaka wa shamba usiku miaka hiyo, na jirani mwenyewe hata alikuwa hajui kama aliibiwa 😂 ikawa aibu na kicheko na machozi yote pamoja. Bibi hadi anakufa alikuwa anasema hajawahi kulala usingizi kama wa siku ile.

Kwahiyo ushuhuda wa huyo mama wa kwaya mi ndo unanitatiza kuliko hata deni. Angesimama mbele ya bibi yangu na wenzake wangemuuliza palepale, dada, nani kalipa? Zakayo hakupanda mkuyu akashuka akasema Bwana amenifutia. Alisema kama nimemnyang'anya mtu kwa hila namrudishia mara nne, na Yesu akajibu leo wokovu umefika nyumbani humu. Na angalieni mpangilio, Yesu alikuwa ameshamwambia anataka kukaa kwake kabla Zakayo hajataja hata senti moja. Upendo uliingia kwanza, pochi ikafunguka baadae. Wasiwasi wangu sasa ni kwamba mkimfutia kimyakimya mnamnyima huyu mama debe lake la kahawa.

abuu_Tanga:

Habari zenu ndugu wa upande wa pili, mimi Muislamu ila mada imenigusa mana madeni hayana dini. Kwetu Al-Baqara aya ya 280 inasema mdaiwa akiwa na shida apewe muda mpaka afarijike, na ukimwachia ikawa sadaka ni bora kwako. Aya ya 282 palepale inaamuru deni liandikwe. Kwahiyo muhimu kwanza ujue, huyu mama hana au hataki? Kama mitumba kweli ilimlalia huyo ni mwenye shida. Kama ana hela ya bahasha ya shukrani na deni analijua hiyo ni habari nyingine kabisa. Usiamue kusamehe wala kushtaki kabla hujajua hapo.

Mbishi wa Tandika:

abuu umeongea. yule mzee naye nampa heshima zake, leo nimesoma biblia kuliko mwaka mzima

sauti_ya_pili:

Jamani asanteni, nimesoma yote nimerudia mara mbili. Mzee hiyo ya dinari mia imenishusha mzigo, mana kilichokuwa kinanitesa ni kujiona mchoyo, kwamba mtu mwenye Yesu asingeumia kwa kiasi hiki. Kumbe kuumia ni halali.

Kuongea naye, hapana sijaongea naye uso kwa uso, nilikuwa natuma tu meseji za kuzunguka "shosti vipi kule kwetu" naye anajibu emoji ya mikono ya kusali. Nitamfuata jumamosi kabla mazoezi hayajaanza, peke yetu. Ndugu wa Tanga umenipa swali la kumuuliza na wewe wa Kamachumu umenipa la kutomuuliza mbele za watu, mana kusema kweli nilikuwa nimepanga nisimame jumapili na mimi nitoe ushuhuda wangu 😅

Grace mpendwa sijakasirika, najua umesema kwa upendo. Mstari wa Baba Yetu nimeanza kuusali tena, ila nasema Bwana huu leo nausema kwa mdomo, moyo uko njiani.

Swali moja dogo. Kwenye hiyo laki nane na themanini kuna faini za kuchelewesha kama elfu sitini hivi ambazo kikundi kilinikata. Nazo nimdai au nidai mtaji tu?

mwinjilisti_mstaafu:

Faini mwambie ipo, umuachie. Kutoka 22:25 Torati inakataza kumtoza faida ndugu yako aliye maskini, faini ya kikundi si faida yako najua, lakini ukiiacha hiyo ataelewa kwamba hukumfuata kwa kisasi. Kilichobaki mpange kidogokidogo hata elfu ishirini kwa mwezi, muandikishane. Akikupa ya mwezi wa kwanza pokea, usirudishe kwa huruma. Akishindwa kabisa na ukaona kweli hana, hapo ndipo utafuta ukijua unachofuta ni kiasi gani. Na mume wako mmalizie hiyo nusu iliyobaki kabla hujaenda kwa huyo mama.

sauti_ya_pili:

Hiyo ya mume ndo ngumu kuliko zote mzee, ila sawa.

Mbishi wa Tandika:

dada swali la mwisho. kikoba cha mwaka huu umejiunga?

sauti_ya_pili:

Nimejiunga 🙈 ila kudhamini mtu hapana

nshomile_wa_Kamachumu:

Mithali 22:26 na 27 hiyo, usiwe mdhamini usije ukachukuliwa hadi kitanda unacholalia. Karibu Kamachumu upumzike