Utafiti wa shinikizo la damu Mukuru: tuwafikieje wasiofika barazani?

Mpimaji_Reuben
Habari zenu. Tunaandaa utafiti wa shinikizo la damu Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda Nairobi. Kila tukiitisha baraza wanakuja wale wale: wazee wa kijiji, wenye ploti, viongozi wa vikundi. Vibarua wa Industrial Area, wapangaji wanaohamahama na viziwi hatuwaoni. Hojaji bado haijaenda kwa kamati ya maadili ya utafiti.

Nyotayamtaa
Afadhali haijaenda. Ikishapitishwa, kila swali mnalobadilisha lazima lirudi kwa kamati, na hapo ndipo maoni ya wakazi hutupwa kwa kuogopa kuchelewa. Kaeni nao sasa, kabla ya kamati na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti.

Kibarua anayetoka alfajiri kwenda kusimama kwenye geti la kiwanda hawezi kufika baraza la saa nne asubuhi. Wekeni Jumapili alasiri, watu sita hadi wanane, wapangaji mbali na wenye ploti. Mpangaji hatasema maji na choo ni kero mbele ya anayempokea kodi.

Wahudumu wa afya ya jamii wanazijua nyumba, lakini msiwaachie kuchagua washiriki, maana watawaleta wanaofahamiana nao. Choreni ramani ya ploti, hesabuni milango, kisha chagueni milango kwa bahati nasibu. Mlango uliofungwa urudiwe mara tatu kwa saa tofauti, mara moja iwe jioni. Mkiuruka, mtapima wanaoshinda nyumbani halafu mseme mmepima Mukuru.

Daktari_wa_mtaa
Naongeza ya ridhaa. Asiyejua kusoma asomewe fomu mbele ya shahidi asiye wa timu yenu, kisha aweke kidole gumba. Na kuta ni za mabati: jirani anasikia kila jibu. Tafuteni chumba cha kanisa au darasa tupu.

Kwa viziwi, lipieni mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya tangu kikao cha kwanza. Kumtumia mtoto wa nyumbani akalimani habari za ugonjwa wa mzazi ni kumvunjia mzazi heshima.

Mpimaji_Reuben
Asanteni sana. Na nauli ya washiriki? Tulifikiria kutuma kwa M-Pesa.

Nyotayamtaa
Sawa, lakini angalieni jina litakalotokea kwenye ujumbe. Likitaja ugonjwa, yeyote atakayeshika simu hiyo atajua. Orodha ya namba ikae mbali na majibu. Chini ya sheria ya ulinzi wa data ya 2019, habari za afya ni data nyeti.

Daktari_wa_mtaa
Kabla ya kupima, mtu akae dakika tano, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, apimwe mara mbili. Kitambaa cha mashine kinachofungwa mkononi kikiwa kidogo kwa mkono mnene, hupandisha kipimo. Atakayefika 140/90 apewe barua ya rufaa siku hiyo hiyo. Wa 180/110 asiachwe aondoke peke yake. Ulizeni kwanza kama zahanati mnayowatuma ina dawa wiki hiyo, kwa sababu akirudi mikono mitupu, mara ya pili hatawafungulia mlango.