Naomba ushauri: brashi za mashine ya kuoshea magari, nichukue za plastiki au za sponji?

Kibanda Namba Tisa
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa haraka maana muuzaji anataka jibu kabla ya Ijumaa. Nafungua sehemu ya kuoshea magari Ihumwa, Dodoma, upande wa barabara ya Morogoro. Mashine ni ile ya geti linalotembea juu ya reli huku gari limesimama: brashi mbili za wima pembeni, moja ya kulala juu, na feni za kukaushia. Muuzaji ananipa aina tatu za brashi: nyuzi za plastiki, sponji, au kitambaa. Za plastiki ndizo za bei nafuu, na anasema zinatoa tope vizuri kuliko zote. Hofu yangu ni mikwaruzo. Nikichubua Prado ya mtu wiki ya kwanza, habari zitazunguka mji mzima. Nichukue ipi? Maji ya kisima yapo, umeme upo, eneo lipo.

bolti13
Sponji, bila kusita, ila ujue ni sponji gani. Kuna ya aina ya godoro, inafyonza maji. Na kuna ya aina ya soli ya kandambili, ambayo kila kitundu cha hewa kimefungwa peke yake. Hiyo inaitwa EVA, na ndiyo unayoitaka. Haifyonzi maji, kwa hiyo shafti na beringi hazibebi uzito wa bure, na mchanga haupati pa kujificha. Kitambaa ni laini na kinang'arisha, lakini kikilowa ni kizito, kinataka maji na shampuu muda wote, na mchanga ukishaingia kwenye nyuzi zake hautoki kwa kuzungusha tu. Kwa vumbi la Dodoma, kifute kwenye orodha.

Nyuzi za plastiki ni polietilini, plastiki ile ile ya jerikeni. Zikiwa mpya, ncha zake zimepasuliwa vishungi, na vishungi hivyo ndivyo vinavyoosha. Vikilika, au jua likizikausha, unabaki na vijiti, na gari jeusi ndilo litakalokuonyesha mikwaruzo ya duara kwanza.

Omba vipande vya sampuli kabla hujajibu. Cha sponji kipime kwenye mizani, kizamishe kwenye ndoo usiku kucha huku kimekandamizwa na jiwe, asubuhi kikung'ute na ukipime tena. Uzito ukipanda sana, hiyo ni godoro. Nyuzi zitupe majini: polietilini inaelea, nailoni inazama. Ikizama irudishe. Nailoni mahali pake ni kwenye matairi na rimu, siyo kwenye rangi.

Mama Zai
Nyie mnajadili brashi, mimi nauliza maji machafu yanakwenda wapi. Chimba mashimo matatu yanayofuatana. La kwanza ni la mchanga. La pili ni la mafuta, na bomba lake la kutokea liwe na kiwiko kinachoshuka chini ya uso wa maji ili mafuta yabaki juu. La tatu ni la maji ya kurudia. Udongo wa mfinyanzi wa huko hautulii upesi, utahitaji shabu. Maji ya kurudia ni ya kulowesha na kuosha chini ya gari tu. Suuza ya mwisho iwe maji safi.

Na vijana wa ndoo walioko hapo barabarani usiwafukuze. Mashine haioshi ndani ya gari wala haifuti milango ikifunguliwa. Waajiri hao hao.

Kokoto
Mleta uzi, kabla ya brashi kuna swali ambalo hujaligusa. Pampu ya presha kwenye hiyo mashine ni ya bar (kipimo cha msukumo wa maji) ngapi? Na magari utakayopokea yanatoka lami au vumbi?

Kibanda Namba Tisa
Asanteni. Magari ni mchanganyiko: ya ofisi kutoka Mtumba, Hiace, na mengine yanatoka barabara za vumbi. Kuhusu presha sijaelewa umuhimu wake, brashi zenyewe zina nozeli za maji. Naomba turudi kwenye plastiki na sponji.

Kokoto
Bar ngapi, ndugu yangu? Soma kwenye profoma, ile ankara ya awali aliyokupa muuzaji.

Kibanda Namba Tisa
Haya, niseme ukweli. Pampu ya presha niliiondoa ili bei ishuke. Na asilimia 30 nimeshalipa, tangu wiki iliyopita. Lakini sikukurupuka. Muuzaji alinionyesha video, gari lenye vumbi lilitoka safi bila presha. Umeme nao nitavuta kutoka duka langu la jirani, Luku haijawahi kunisumbua. Kilichobaki ni brashi tu.

Kokoto
Basi hapo ndipo mikwaruzo yako itakapotoka, na hakuna brashi itakayokuokoa. Mchanga una kwatzi, madini ambayo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, cha 1 hadi 10, ni 7. Klia, ile tabaka angavu ya juu ya rangi ya gari kutoka kiwandani, ina unene wa mikroni 40 hadi 50, pungufu ya unywele. Brashi ikigusa gari lenye mchanga mkavu, inauburuta mchanga juu ya klia. Sponji itakwaruza kidogo kuliko plastiki, lakini itakwaruza.

Kwa hiyo nunua pampu ya presha ya pembeni, bar 100 hadi 150, yenye bunduki mbili, na uweke watu wawili mbele ya geti. Kazi ifuate mpangilio huu:

1. Nyunyiza dawa ya kulowesha kuanzia chini kwenda juu, iache dakika moja hivi, isikauke. Jua likiwa kali, fanya hivyo kivulini.
2. Piga presha kuanzia juu kwenda chini, nozeli bapa inayotawanya maji kwa pembe ya digrii 25 au 40, umbali wa sentimita 30 kutoka kwenye rangi. Matao ya matairi, sketi za chini na nyuma ya namba vipate muda mrefu zaidi.
3. Pitisha kidole chini ya mlango. Kikikwaruza, rudia.
4. Hapo ndipo gari liingie kwenye brashi, na shampuu ianze kumwagika kabla brashi haijagusa.

Shampuu iwe ya magari, siyo sabuni ya unga. Ule utelezi ndio unaotenganisha brashi na rangi.

chumvi_na_chokaa
Hayo maji ya kisima sabuni inatoa povu? Kama haitoi, ni magumu, na feni zitakukaushia madoa meupe kwenye kila kioo. Kifaa cha kulainisha maji kwa rezini kinaondoa ugumu wa kalsiamu, ila chumvi inabaki. Kama maji ni ya chumvi, unahitaji mtambo mdogo wa osmosisi, unaochuja chumvi kwa utando, kwa suuza ya mwisho peke yake, lita 10 hadi 20 kwa gari, chumvi zilizoyeyuka zishuke chini ya miligramu 50 kwa lita. Usipitishe maji yote humo, utajimaliza.

Spana Saba
Jamani, tunapoteza muda. Mtu amelipa asilimia 30 ya mashine yenye feni za kukaushia, halafu anasema atavuta umeme wa duka? Mashine hizo ni fezi tatu. Hakuna anayelipa advansi bila kujua ana fezi ngapi. Hii stori ni ya kutunga. Ni dalali anataka tumwandikie tangazo la brashi za sponji bure.

Mama Zai
Hata mimi nimeanza kujiuliza. Mleta uzi, weka wazi.

Kibanda Namba Tisa
Mimi siyo dalali. Nawaandikia profoma ilivyo: volti 380, fezi tatu, hertzi 50. Feni nne za kilowati 2.2. Mota tatu za brashi, kilowati 0.75 kila moja. Mota mbili za kutembeza geti, 0.37 kila moja. Pampu ya maji 2.2, kompresa 1. Kimo cha juu cha gari linaloweza kuoshwa ni mita 2.2. Duka langu ni fezi moja, hilo ni kweli. Muuzaji alisema kuna kifaa cha kugeuza fezi moja kuwa tatu, nikamwamini.

Spana Saba
Nimejumlisha, inakuja karibu kilowati 15, na mgawanyo huo una mantiki. Narudisha kauli yangu, samahani.

Sasa sikiliza. Kifaa cha kugeuza fezi hakizalishi umeme. Kilowati 15 kwenye volti 230 ni ampea 65 kabla ya hasara yoyote, na mota zikianza zinavuta mara kadhaa zaidi. Waya na mita ya duka havijajengwa kwa mzigo huo. Kwenye fezi tatu mzigo huo huo ni kama ampea 25 kwa kila waya. Omba fezi tatu TANESCO sasa, kabla hujamwaga zege la reli. Mwambie muuzaji feni ziwake moja baada ya nyingine, sekunde chache kati yake. Na uliza umeme ukikatika katikati ya kuosha brashi zinasukumwaje kwa mkono, maana zitasimama zimelala kwenye gari la mteja.

bolti13
Mita 2.2 nayo iangalie. Hiace ya paa refu inakaribia mita 2.3, haipiti. Weka bomba la kuning'inia mlangoni kwa kimo hicho, gari likiligusa lisiingie. Keria, snokeli na antena ndefu ni vya kukagua kwa macho. Gari lenye tairi la akiba mlango wa nyuma litafutiwe programu ya kuruka nyuma. Waipa ya nyuma ya IST au RAV4 ifungwe kwa mfuko na utepe, brashi ikiikamata inaing'oa na mota yake.

Kibanda Namba Tisa
Nimempigia muuzaji. Amekubali kubadilisha kuwa sponji kwenye asilimia 70 iliyobaki, na sampuli atatuma kwa basi. Brashi ziguse gari kwa nguvu kiasi gani?

bolti13
Ncha tu ziguse, tumbo la brashi lisilale kwenye mlango. Mashine inapima mgandamizo kwa umeme ambao mota ya brashi inavuta. Muuzaji akuonyeshe mahali pa kurekebisha kiwango hicho, na uanze na cha chini kabisa. Kila asubuhi zungusha brashi kwa maji dakika moja bila gari, vumbi la usiku litoke. Paa liwepo, jua linaharibu sponji pia. Mafuta ya taa na dizeli visikaribie, EVA inavimba. Na kwenye hiyo asilimia 70 dai vipande vya akiba vya brashi za pembeni, hasa vya chini, maana hivyo ndivyo vinavyokutana na tope na rimu. Andikiana naye kipenyo cha shafti na nafasi kati ya tundu za bolti, uweze kuagiza kwingine vikiisha.